Kochi Moja, Nyumba Tano

Wazo la kubeba kochi lilikuwa langu. Nalisema hili mapema kwa sababu mtaani kwetu watu wamesukumiana lawama mpaka sasa hakuna aliyefanya lolote, utadhani kochi lilitembea lenyewe. Halikutembea. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimekunywa chai, na nikasema mbele ya mashahidi: "Tutalibeba."

Mwaka ulikuwa themanini na nne, mwaka wa ugali wa njano. Mvua ilikataa kabisa, mahindi ya msaada yakaletwa kutoka ng'ambo, na watoto wakawa wanauliza kama mahindi nayo hupata homa ya manjano. Tulikula tukinung'unika. Ukimwona mtu wa kwetu magharibi ananung'unikia ugali, jua hali ni mbaya.

Tulikuwa tukikaa Shauri Moyo, nyumba za mstari, kila familia na chumba chake, mlango ukitazama mlango. Mume wangu Phares alikuwa amestaafu reli akiwa na saa ya mkononi, barua ya shukrani na ugonjwa wa sukari. Ugonjwa huo ulitaka achomwe sindano kila asubuhi kabla ya kula, na dawa yenyewe ni ya kukaa kwenye baridi. Sisi friji tungeitoa wapi? Lakini upande wa pili wa barabara kulikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa na friji, na ndani ya friji mlikuwa na chupa ya Phares. Kila asubuhi alivuka, Sista Lydiah akamchoma, akarudi nyumbani kunywa uji na kusoma gazeti la jana. Hakutoa hata senti. Zahanati ilikuwa ikigharimiwa na Taasisi ya Kimataifa ya Ustawi, ambayo makao yake yako huko kwenye theluji, na jina la Taasisi lilikuwa limeandikwa ukutani kubwa kuliko neno zahanati.

Mimi niliipenda ile friji kuliko baadhi ya shemeji zangu. Usishangae. Mtu hupenda kile kinachomweka mumewe hai.

Basi mwezi wa saba Sista Lydiah akatuita wanawake wa mstari wetu. Akasema Taasisi inatuma wakubwa waje wauone mtaa. Wataingia nyumba tano, na kwa yale watakayoyaona, wataamua juu ya zahanati: ibaki ilivyo, au ibadilishwe. Tukamuuliza wanataka kuona nini. Akasema amekatazwa kutufundisha la kusema.

"Nyinyi mkae tu vile mnakaa siku zote," akatuambia, akitukazia macho sana. "Mnanisikia? Vile mnakaa siku zote."

Tuliudhika. Tulidhani anatudharau. Mtu anakuambia mgeni anakuja, halafu anakuambia ukae vile unakaa siku zote! Sista alikuwa akitupigia kengele masikioni, nasi tukamwona hana adabu.

"Na mkubwa wao," akamalizia, "ni Mchumi Mkuu wa Taasisi nzima. Dakta Gordon Nabiswa."

Nilipiga kelele mpaka mtoto mgongoni mwa mtu akaamka. Gordon! Gordon wa mlango wa tatu kutoka kwangu! Gordon ambaye mama yake marehemu alikuwa akifua nguo za watu kule Eastleigh, na jioni akichelewa mimi ndiye niliyempa Gordon chakula! Alikwenda kusoma ng'ambo mwaka wa sitini na tisa, akaandika barua mbili, ya tatu haijafika mpaka leo. Sasa anarudi akiwa Mchumi Mkuu.

"Mchumi Mkuu ndiyo kazi gani?" akauliza Teresiah Wacuka. Teresiah alikuwa jirani yangu wa mlango wa kulia, mtu wa Murang'a, muuza mitumba pale Gikomba, mwanamke anayeweza kukuuzia shati lako mwenyewe na ukamshukuru.

Nililipeleka swali hilo kwa Phares jioni, Teresiah akiwa amesimama mlangoni. Phares hakuwahi kuliacha swali lipite bila kulipungia bendera.

"Ni kama yule mtu wa bendera pale stesheni," akasema. "Treni hajui kuendesha. Reli hajui kulaza. Gunia hajawahi kubeba tangu azaliwe. Lakini akiinua bendera, treni yote inasimama, hata kama ndani kuna mama anaumwa na uchungu."

"Na treni zikigongana?"

"Anashikwa dereva."

Teresiah akatikisa kichwa kwa heshima. "Hiyo ni kazi kubwa sana," akasema, na hakuwa anatania.

Sasa lazima nikueleze desturi yetu, maana bila hiyo utatuona wajinga tu, na sisi tulikuwa wajinga wenye desturi. Pale Shauri Moyo, siku ya mgeni, kitu kizuri hakikuwa cha mtu mmoja. Ukiwa na mgeni wa maana, tuseme wakwe wamekuja, au mchungaji, au mwalimu mkuu, unatuma neno milangoni. Huyu anakupa vikombe, yule anakupa redio, mwingine chupa ya chai, na Teresiah anakupa kochi. Kochi lile alilinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anahama nchi, na lilikuwa limehudhuria posa nyingi kuliko kasisi. Unalitandika vitambaa vyako mwenyewe ulivyofuma kwa mkono, mgeni anaketi, anakula, anaondoka akijua amefika kwa watu. Halafu kochi linarudi. Hakuna aliyeona ni uongo. Uongo ni kumketisha mgeni juu ya debe kana kwamba hukumtarajia.

Na hata Gordon aliagwa juu ya kochi hilohilo alipokuwa anakwenda ng'ambo. Nakumbuka, kwa sababu ni yeye aliyeshika mguu wa nyuma tulipokuwa tunalipitisha mlangoni mwa mama yake, akabanwa kidole.

Tulipokutana kupanga, ni mtu mmoja tu aliyepinga. Alikuwa Kabiru, fundi wa mabati, mwanamume mpole aliyezibwa masikio na nyundo yake mwenyewe.

"Mimi nasema tumwonyeshe vile tuko," alisema kwa sauti ya juu, kama kawaida ya watu wasiosikia vizuri. "Aone debe, aone ugali ya njano, aone kila kitu."

"Ngai! Unataka mtoto wetu aaibike mbele ya wazungu?" Teresiah akamrukia. "Atoke hapo wakisema kwao ni takataka?"

"Na hebu niambieni," Phares akaongeza, akiwa ameketi kama jaji, "nani kati yenu aliwahi kuona mtu amepewa kitu na wakubwa kwa kuvaa matambara? Ukienda kuomba kazi reli, unavaa suruali imepasuka? Unavaa ile ya harusi! Wakubwa husaidia mtu anayeonekana atasaidika."

Tuliona hayo ndiyo maneno ya mtu aliyesoma gazeti. Ndipo nikasimama. Nikasema nyumba zilizochaguliwa ni tano, kochi ni moja, na mgeni hawezi kukaa kwenye kochi kwa Teresiah halafu kwangu akakaa juu ya debe, maana ataniona mimi sikumpenda, mimi niliyemlisha. Kwa hiyo kochi litembee. Wanaume wanne walipitishe nyuma ya nyumba, na huku mbele wanawake wa kwaya wamzuie mgeni kwa wimbo mpaka kochi lifike. Kila nyumba itandike vitambaa vyake, vya rangi tofauti, asilijue.

Walinipigia makofi. Naomba ukumbuke hilo, kwamba nilipigiwa makofi.

Walikuja Jumanne asubuhi, gari mbili nyeupe. Gordon alishuka akiwa amenenepa vizuri, suti ya kijivu, miwani, na ile sauti ya watu waliokaa ng'ambo sana, inayotoka puani. Aliponiona alisema, "Mama Rispa," akanishika mikono yote miwili, na macho yake yakalowa. Nasema kweli. Hata leo siwezi kusema alikuwa anaigiza. Pamoja naye alikuwa mzungu mwembamba, mrefu, jina lake Anders, ambaye hakuwa na kazi nyingine ila kuandika. Uliposalimia aliandika. Ulipokohoa aliandika.

Kwa Teresiah waliketi kwenye kochi, vitambaa vya waridi. Upande wa kushoto wa kochi kulikuwa na springi iliyokuwa imechoka kukaa ndani na kutokeza kichwa. Gordon aliketi juu yake. Nilimwona akishtuka, akavumilia kiume, akanywa chai. Anders akaandika kochi, redio, chupa ya chai, vikombe sita.

Nikatoka mbio kwenda kwangu. Nje kwaya iliwashika wageni, ikaimba beti zote ilizozijua na mbili ilizozitunga palepale. Nyuma, wanaume wanne walikuwa wanapita na kochi, jasho likiwatoka, redio juu ya mito ikiwa bado inasoma habari. Nikatandika vitambaa vyangu vya kijani. Nilipofungua mlango nilikuwa nahema, nikasingizia moshi.

Gordon aliingia. Akalitazama kochi. Halafu, bila kuangalia chini, akaenda moja kwa moja upande wa kulia, akaketi taratibu, na upande wa kushoto akamkaribisha Anders.

Nikajua amejua! Mzungu aliruka kidogo akasema "oh", akaandika tena: kochi, redio, chupa ya chai, vikombe sita. Mimi nikamtazama Gordon, naye akanitazama, akachukua kikombe, akatabasamu ndani ya chai. Moyo wangu ulifurahi sana. Nikasema moyoni, huyu ni mtoto wetu, ameliona jambo na atalitengeneza. Ndiyo faida ya kuwa na mtu wako juu. Phares naye alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha reli, amevaa tai, akieleza kwa Kiingereza cha stesheni kwamba hapa sisi hatuna shida, tunaishi kwa amani.

Nyumba ya tatu ilikwenda vivyo hivyo, vitambaa vyeupe, chai ya tatu. Ya nne ilikuwa kwa Kabiru, na hapo nilimwomba Mungu. Kabiru alikuwa na friji. Aliiokota kwenye jaa la viwandani akinuia kukata mabati yake, haikuwa na mota wala waya, na kwa wakati huo kuku wake alikuwa amelalia mayai ndani. Tulimwambia aitoe. Hakusikia, au alisikia akaona ni uonevu. Basi wageni wameketi, chai ya nne inamiminwa, mara friji ikasema, "Kwaa-kwa-kwa-kwa."

Anders aliinua kichwa. "What is that?"

"Ni injini," akasema Kabiru kwa sauti ya kuamsha mtaa. "Iko old kidogo."

Gordon alitoa kitambaa akafuta miwani yake kwa muda mrefu, mabega yakimtikisika. Anders akaandika: friji.

Nyumba ya tano ilikuwa ya mjane mmoja mwisho wa mstari. Hapo tuliwapa chakula cha mchana, na kwa sababu hatungeweza kumpa Mchumi Mkuu ugali wa njano, Teresiah alikuwa amepata unga mweupe kutoka kwa binamu yake wa Murang'a, kibaba kimoja cha kutuangamiza. Ugali mweupe pe, kuku wa kuchemsha, sukuma. Gordon alikula kwa mkono mpaka akaramba vidole. Aliondoka ametukumbatia wote. Gari zilipopinda kona tuliangua kicheko, tukashikana viuno, wanaume waliobeba kochi wakalilalia palepale kwenye majani. Ilikuwa siku nzuri. Nasema hilo pia, kwa hasira, lakini nasema.

Ripoti ilikuja Januari. Sista Lydiah aliileta uani kwetu, kitabu kinene chenye picha ya mtoto anayecheka kwenye jalada, mtoto ambaye hata hakuwa wa mtaa wetu. Akatusomea akitafsiri, na sauti yake ilikuwa kavu.

Kitabu kilisema kwamba katika nyumba zilizotembelewa, asilimia mia moja wana makochi. Asilimia mia moja wana redio. Nyumba moja kati ya kila tano ina friji. Kilisema hali ya chakula ni ya kuridhisha licha ya ukame. Kilisema wakazi wenyewe wanakiri hawana shida. Kwa hiyo, kikasema, mtaa huu umevuka umaskini, hongera, na misaada ielekezwe kwenye uhitaji mkubwa zaidi. Kuanzia mwezi wa pili matibabu yangekuwa ya kulipia. Sindano za kila siku zingesimama, na kwa kuwa wakazi sasa wana friji zao, wagonjwa watunze dawa nyumbani. Friji ya zahanati ingehamishwa. Mwisho wa ukurasa kulikuwa na sahihi: Mchumi Mkuu.

"Lakini alijua," nikasema. "Sista, alijua! Nilimwona na macho yangu."

"Niliwaambia mkae vile mnakaa siku zote," akasema Sista Lydiah, akafunga kitabu, akaanza kulia. Hakuna aliyemgusa. Tuliona haya mno.

Siku ya kubeba friji, vijana wawili wa lori walihitaji mikono zaidi, wakawaomba wanaume wa mtaa. Ni walewale wanne. Waliibeba vizuri sana, walikuwa wameshazoea.

Phares akaanza kutembea. Sindano ya bure ilikuwa imebaki hospitali kubwa, upande ule mwingine wa mji, na nauli ya kila siku kwenda na kurudi ilikuwa ni chakula chetu. Alikuwa anaamka saa kumi na moja, anafunga tai, anavaa viatu vyake vya reli, anaondoka bila kula. Alirudi saa sita mchana amekauka midomo. Mimi nilikaa mlangoni nikihesabu wanaume wenye tai mpaka mmoja awe wangu.

Mwezi wa tatu, Teresiah aliona kwenye gazeti alilofungia mitumba kwamba Dakta Gordon Nabiswa yuko mjini. Kulikuwa na semina ya siku tatu kwenye hoteli kubwa, juu ya namna ya kuwasikiliza maskini. Nikavaa sare yangu ya akina mama wa kanisa, nikaenda. Askari wa mlangoni alitaka kunizuia. Nikamwambia nimekuja kusikilizwa. Akatazama ubao wa semina, akatazama sare, akanipisha.

Walikuwa kwenye mapumziko ya chai. Gordon alikuwa amesimama karibu na meza ya keki, kikaratasi chenye jina lake kifuani, kana kwamba kuna mtu pale asiyemjua.

"Mama Rispa!" akasema. "Mzee hajambo?"

"Kochi ulilijua, ama hukulijua?"

Aliweka kikombe chini. Sikutaka kumpigia kelele, na kwa kweli sikupiga, lakini watu wawili wa karibu walisogea.

"Nililijua nyumba ya pili," akasema polepole. "Hata kidole kiliniuma."

"Basi mbona hukusema?"

Aliwatazama wale watu wenye vikaratasi, halafu akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza ile sauti ya puani ikamwacha, akaongea kama mtoto wa Shauri Moyo.

"Mama, mimi nimekaa na hawa watu miaka kumi na tano. Nikiingia kwa mkutano wananiangalia kama mtu ameokotwa. Hata sasa nikiwa mkubwa wao. Siku ile tukirudi, ndani ya gari, Anders aliniambia, 'Gordon, kwenu ni kuzuri. Watu wenu wako na heshima.' Hakuna mtu amewahi kuniambia hivyo huko, Mama. Hata siku moja. Sasa mimi ningemjibu aje? Ningemwambia kochi ni moja?"

"Ndiyo. Ni maneno matatu tu."

"Nilishindwa."

Ningependa kukuambia nilimtemea mate. Ukweli ni kwamba nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniuma kuliko ripoti. Ugonjwa wake ulikuwa ule wetu. Tofauti ni kwamba sisi ulitufanya tubebe kochi, na yeye alikuwa na kalamu.

"Gordon, mzee wako anatembea kila siku na sukari kwa damu. Badilisha hiyo maneno."

"Ripoti imeshapitishwa. Nchi kumi na moja zinaitumia." Sauti ya puani ilikuwa inarudi. "Lakini nakuahidi, Mama, nitatuma watu wahesabu upya. Nyumba kwa nyumba, kitu kwa kitu. Tumeunda fomu mpya kabisa, ina vitu vyote. Haitadanganyika."

"Lini?"

"Kabla mwaka haujaisha." Akamwita mhudumu, akaagiza nifungiwe keki nne kubwa. "Mpelekee mzee. Mwambie zinatoka kwangu."

Keki! Mtu wa sukari! Nilizibeba mpaka nje, nikazipa wale watoto wa Mathare waliokuwa wakiokota chupa karibu na lango.

Nilimweleza Phares kila kitu, nikitumaini atakasirika pamoja nami. Hasira ya mtu mmoja ni mzigo. Alisikiliza, akavua miwani.

"Mzungu alisema hivyo?" akauliza. "Kwamba tuna heshima?"

"Phares, umesikia hayo tu?"

"Alisema kwa Kiingereza? Alisema neno gani hasa?"

Nilitoka nje nikachapa nguo kwenye jiwe la kufulia mpaka vifungo viwili vikatoka. Kesho yake alifunga tai vizuri zaidi, akaondoka. Jirani alipompa pole, alimwambia anafanya mazoezi.

Mwezi wa sita msumari ulipenya soli ya kiatu chake cha kushoto. Mtu mwingine angepiga yowe. Lakini sukari ikikaa mwilini muda mrefu huua maumivu kwanza, ndipo ije kuua mtu. Alitembea na msumari ule hospitali na kurudi, sijui siku ngapi. Nilijua nilipoona soksi haitaki kutoka. Nilipoibandua, harufu ilitujulisha yote. Waliukata mguu mwezi wa saba, chini kidogo ya goti. Kabiru alimtengenezea magongo ya bomba, akayapaka rangi ya fedha, akakataa kabisa kulipwa.

Gordon alitimiza ahadi yake, mtu asije akasema sikumtendea haki. Mwezi wa kumi na moja watu wa Taasisi walikuja kuhesabu upya. Kwangu aliingia binti mmoja wa chuo kikuu, mpole, ana adabu, fomu ya kurasa kumi na nne mkononi. Safari hii sikuazima hata kijiko. Nilimketisha juu ya debe. Kochi lilikuwa kwa Teresiah, lilale hukohuko.

Aliuliza kitu kwa kitu, kama tulivyoahidiwa. Kochi? Hakuna. Redio? Hakuna. Friji? Nikamtazama tu, akapiga mstari wa hakuna. Sufuria tatu. Blanketi mbili. Kitanda kimoja, na juu yake alikuwa amejilaza Phares, shati safi, blanketi mpaka kifuani, akifuatilia maswali yote kama mtu anayesikiliza mpira. Nilijibu kweli tupu, na kila jibu nilihisi nimemvua nguo mbele ya mgeni. Lakini nilijibu.

"Viatu," akasema binti. "Jozi ngapi, mama?"

"Zangu moja," nikasema. "Za mzee nusu."

Akacheka. Halafu akayaona magongo ukutani, akalitazama blanketi pale lilipolala tupu upande mmoja, na kicheko kikamfia mdomoni. Akageuza karatasi mbele na nyuma, akitafuta.

"Samahani, mama. Hapa hakuna nusu. Inataka namba kamili."

"Basi andika moja. Ya kwangu. Yeye mwache."

"Andika mbili," akasema Phares kutoka kitandani. Alijiinua kwa kiwiko, akamtabasamia binti kwa heshima zote za mtu wa reli. "Andika mbili, binti yangu. Sisi ni watu wa kuvaa viatu. Usimharibie Gordon karatasi yake."

Nilimgeukia mume wangu nikitaka kumpiga, nikashindwa, nikaanza kulia mbele ya mgeni. Binti alitutazama, mmoja baada ya mwingine. Halafu akaandika mbili, akashukuru, akaenda kubisha mlango unaofuata.